Kichwa Kinachofuata Mwezi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na katika insha zetu tumeitumia mara nyingi kuwakemea wagonjwa wasiopenda kwenda hospitalini. Hata hivyo, ukiichunguza kwa makini utaona kwamba inamchukulia mgonjwa kuwa mtu anayelijua jina la ugonjwa wake, kisha akaamua kuuficha. Je, vipi kuhusu yule anayeugua kila mwezi kwa miaka na mikaka bila kuwa na neno la kuuitia ugonjwa wake? Huyo hafichi, amekosa cha kufichua. Makala haya yanahusu maradhi ya aina hiyo, nayo yamezaliwa katika mitaa miwili ya Nairobi ninayoijua kwa nyayo zangu: Kawangware, nilikozaliwa na ninakoishi hadi leo, na Kibera, anakoishi dada yangu, binti wa mama mdogo.

Maradhi yenyewe ni kipandauso cha hedhi. Nimelitumia neno kipandauso kwa makusudi, maana limo katika kamusi zetu ilhali halimo vinywani mwetu. Nililikuta katika mwaka wangu wa pili chuoni, tulipopewa kazi ya kukusanya majina ya maradhi na kuchanganua uundaji wake. Uundaji wa neno hili ni ule ule wa kipazasauti na kinasasauti: kitenzi kimeunganishwa na nomino, kisha vyote viwili vikavishwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Ni kitu kinachopanda uso. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa huu hemikrania, yaani nusu ya fuvu, na kutokana na neno hilo Wafaransa wakapata migraine, ambalo Waingereza nao walilichukua. Mgiriki alitazama mahali maumivu yanapokaa. Mswahili alitazama mwendo wake: jinsi yanavyoanzia shingoni au nyuma ya jicho, yakapanda taratibu kama mtu anayekwea mnazi, hadi yakatawala upande mzima wa uso. Nilipolisoma neno hilo maktabani nililifahamu kabla ya kufika kwenye maelezo yake.

Sayansi inatueleza nini kuhusu maradhi haya? Kwanza, kipandauso si maumivu ya kawaida ya kichwa yaliyozidi kipimo. Ni ugonjwa wa ubongo ambao huja kwa vipindi. Siku moja au mbili kabla ya maumivu, wengi hupiga miayo bila usingizi, hukasirika upesi, au hutamani vyakula fulani. Kisha maumivu huja, aghalabu upande mmoja wa kichwa, yakidunda kama ngoma, pamoja na kichefuchefu, kutapika, na kutovumilia mwanga, kelele na harufu. Yasipotibiwa huweza kudumu kwa saa 4 hadi 72. Yakishaondoka, mgonjwa hubaki amechoka na mzito wa fikra kwa siku nzima au zaidi. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na vimulimuli au mistari inayopindapinda mbele ya macho, ingawa kipandauso cha hedhi kwa kawaida huja bila ishara hiyo.

Kabla ya kubaleghe, wavulana na wasichana hupatwa na kipandauso kwa viwango vinavyokaribiana. Baada ya kuvunja ungo mizani huinama, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Sababu kubwa ni homoni iitwayo estrojeni. Siku chache kabla ya hedhi, kiwango cha homoni hii mwilini hushuka ghafla, na ubongo wa mwenye kipandauso huupokea mshuko huo kama mshtuko. Mwaka wa 1972 daktari Brian Somerville wa Australia alionyesha kwamba wanawake wenye ugonjwa huu wakidungwa sindano ya estrojeni kabla ya hedhi, kipandauso huchelewa ilhali damu huja kwa wakati wake. Fauka ya hayo, mji wa mimba hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini, ambazo huleta msokoto wa tumbo na huchangia maumivu ya kichwa pia. Madaktari hukiita kipandauso kuwa cha hedhi kinapoanza kati ya siku mbili kabla ya damu na siku ya tatu ya damu, angalau katika mizunguko miwili kati ya mitatu.

Hayo ni ya vitabuni. Mtaani mambo yalikuwa na majina mengine. Kwangu kilianza mwaka wa 2016, miezi michache baada ya kuvunja ungo. Katika zahanati moja ya kibinafsi niliambiwa nina malaria. Mwezi uliofuata niliambiwa ni homa ya matumbo. Mwezi wa tatu nikapewa dawa za vyote viwili pamoja, ingawa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na malaria ya kuambukiziwa humu ni nadra. Mama yangu, ambaye huuza sukumawiki na nyanya katika eneo la Gatina, alilipa bila kunung'unika. Jirani mmoja alimnong'oneza kwamba msichana anayetapika asubuhi hafai kupelekwa zahanati, apelekwe akapimwe mimba. Mama alikuwa ametoka kuninunulia sodo siku hiyo hiyo. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanyamaza ghafla. Nadhani nililisoma wazo lake: kama si malaria, si homa ya matumbo, wala si mimba, basi mwanangu ana nini?

Majina hayakuishia hapo. Katika mkesha mmoja wa maombi nilitiwa mikono kichwani, ikasemwa kuwa huenda ni pepo linalonijia mwezi unapoandama. Maombi yale yalinipa faraja, na sitayabeza kamwe, ila vipaza sauti vilivyoyabeba vilinizidishia maumivu. Shuleni jina lilikuwa uvivu. Katika ripoti yangu ya kidato cha pili mwalimu aliandika kwamba nina uwezo ila nakosa bidii. Mimi mwenyewe, kila nilipoulizwa ninaumwa nini, nilijibu kama wanavyojibu wanawake wote wa mtaani kwetu: "Ni kichwa tu." Wanafunzi wa sarufi watakubaliana nami kwamba kielezi hicho kidogo, tu, ni kizito kuliko umbo lake. Huyafunga maongezi. Humwondolea msikilizaji wajibu wa kuuliza swali la pili.

Nisaidie sasa, mpenzi msomaji, kukitazama chumba anamougulia mwanamke wa mitaa hii. Kila kitabu cha afya humshauri mwenye kipandauso ajipumzishe katika chumba chenye giza na utulivu, anywe maji ya kutosha, asiruke mlo, na alale na kuamka kwa saa zile zile. Ni ushauri mwema. Lakini chumba chetu cha Kawangware ni cha futi kumi kwa kumi, chenye kuta na paa la mabati, na hulala watu watano. Saa sita mchana jua hupenya kwenye kila tundu la msumari likachora sarafu za mwanga sakafuni. Upande wa kushoto kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Upande wa kulia kuna kinu cha kusaga mahindi. Stovu ya mafuta ya taa huwashwa mle mle tunamolala, na moshi wake hauna pa kwenda. Mbele ya mlango kuna mtaro wa majitaka. Honi za matatu za Barabara ya Naivasha huanza alfajiri, na baa ya jirani hufunga muziki wakati ambapo waenda kazini wanaamka. Mwanga, kelele, harufu, njaa na kukosa usingizi: vyote ambavyo daktari atakutajia kuwa huchochea kipandauso, kwetu ndiyo maisha ya kila siku.

Ukishuka kwa Barabara ya Naivasha hadi Barabara ya Ngong, kisha ukapitia Woodley na soko la Toi, utafika Kibera. Mimi huenda kwa miguu. Kwa dada yangu ni kijiji cha Gatwekera, si mbali na reli ya kale ya Uganda inayoukata mtaa huo, na gari moshi likipita sufuria hutetemeka ukutani. Choo kiko mbali na nyumba, nacho ni cha kulipia. Hebu fikiria mwanamke anayetapika, anayevuja damu, ambaye kila hatua humgonga kichwani kama nyundo, akitafuta sarafu gizani ili aende msalani, huku akijua kwamba njia ile si salama kwa mwanamke usiku. Aghalabu huamua kungoja mapambazuko. Kungoja huko hakuandikwi katika rekodi ya hospitali yoyote.

Dada yangu hufua nguo za watu. Yeye na wenzake huketi kando ya barabara, kwenye mitaa yenye maghorofa, wakingoja mwenye nyumba aje achague. Siku njema hupata shilingi 500. Kipandauso kikimshika hukosa siku mbili au tatu, na tatu zikikosekana ni shilingi 1,500, ambazo kwake ni nusu ya kodi ya nyumba. Hasara hiyo angeweza kuistahimili. Kinachomuumiza zaidi ni kwamba tajiri aliyemzoea, akimkosa siku mbili, humchukua mwingine. Amepoteza nyumba tatu kwa njia hiyo. Hawezi kujieleza kwa sababu maelezo yenyewe yana aibu mbili: atasema yuko mwezini, neno ambalo halisemwi mbele ya mwajiri, kisha aseme ni kichwa, neno ambalo haliaminiki.

Jioni moja nilimuuliza kama maumivu yake yamezidi tangu ajifungue kitinda mimba wake. Alinijibu, "Mdogo wangu, mimi siogopi kuumwa. Naogopa kalenda."

Maneno hayo yamenifunza zaidi ya vitabu nilivyosoma mintarafu ya afya ya akili. Ugonjwa unaokuja kwa tarehe hauishii siku unapoondoka. Wiki ya kwanza baada ya kipandauso, mtu hulipa madeni ya siku alizolala: nguo ambazo hazikufuliwa, watoto waliolishwa chai kavu, kazi za chuo ambazo hazikuwasilishwa. Wiki ya pili hupumua. Wiki ya tatu huanza kuhesabu. Hukubali mwaliko wa harusi huku akijua huenda asifike, kisha baada ya muda huacha kukubali mialiko. Hujichunguza kila anapopiga mwayo. Huwagombeza watoto, halafu hujichukia kwa kuwagombeza. Wiki ya nne mgeni hufika. Ukiutazama mzunguko huu wote utaona kwamba siku za maumivu ni tatu, lakini mwezi mzima umetawaliwa.

Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kuwa watu wenye kipandauso hupatwa na sonona takribani mara mbili zaidi ya wasio nacho, na kwamba njia hiyo hupitika pande zote mbili: maumivu huzaa sonona, na sonona hufungulia mlango maumivu. Sonona nalo ni neno la kamusi zaidi ya kuwa neno la mtaa. Gatwekera na Gatina husemwa mtu ana mawazo. Si haba. Nchini Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, na daktari wa akili Dixon Chibanda aliona kwamba mtu ambaye hawezi kusema ana ugonjwa wa akili huweza kusema bila aibu kuwa anafikiri mno. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, akaanza na nyanya 14 waliofundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza. Jambo lililoanza kwa mabibi wachache na neno moja la wenyeji limeigwa katika nchi nyingine. Nasi tunalo neno letu, mawazo. Tulichokosa ni benchi.

Sitaki kulizunguka lililo zito. Dada yangu ameniambia kuwa kuna usiku ambao, huku amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu hadi kikaacha alama, alitamani asiamke. Hakuwahi kumwambia mhudumu yeyote wa afya. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani kwa miaka mingi sheria zetu zilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi mwezi wa Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwaka wa 2020 jopo lililoundwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilikuwa limependekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ikishalegeza mkono wake, inafaa na sisi tulegeze ndimi zetu. Mwanamke akisema kichwa kinamfanya atamani kufa, asijibiwe kwamba wanawake wote hupitia hayo. Asindikizwe hadi kwa anayeweza kumsaidia, na asiachwe peke yake usiku huo.

Wapo watakaouliza: je, Kenya haijafanya mengi kuhusu hedhi? Naam, imefanya, na ni haki tuyataje. Mwaka wa 2004 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo. Mwezi wa Juni 2017, nilipokuwa darasa la nane, Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho ili wasichana wa shule wapewe sodo bila malipo. Mwezi wa Februari 2023, Gloria Orwoba, aliyekuwa seneta wakati huo, aliingia Bungeni akiwa na doa jekundu kwenye suruali yake nyeupe, akatakiwa kutoka nje, na nchi nzima ikalazimika kutamka neno hedhi hadharani. Mimi ni mmoja wa wasichana walionufaika na juhudi za aina hiyo, na sodo niliyopewa ilinistiri. Hata hivyo ilinistiri doa tu. Nilifika darasani nikiwa msafi, nikaketi nikiwa nimefumba jicho moja, nisiweze kuusoma ubao. Katika mitaa yetu mashirika na wanasiasa hupiga picha wakigawa paketi. Sijapata kuona mgao wowote ambao ndani yake msichana aliulizwa: kichwa chako je? Damu imepata watetezi kwa sababu huonekana. Maumivu hayaachi doa kwenye sketi.

Kisichoonekana huhitaji kuhesabiwa. Wakazi wa Kibera wanajua nguvu ya hesabu. Kwa miaka mingi ilisemwa kote ulimwenguni kwamba mtaa huo una watu milioni moja au zaidi, hadi sensa ya mwaka wa 2009 ilipowahesabu wakazi 170,070. Takwimu hizo zilizua ubishi mkali, lakini baada yake hakuna aliyeweza kuuzungumzia mtaa huo kwa makisio matupu bila kuulizwa. Hebu basi tuhesabu kichwa. Siku tatu kila mwezi ni siku 36 kwa mwaka. Mwanamke akiugua hivyo kwa miaka 30, ni siku 1,080, yaani miaka mitatu kasoro siku chache, ameilaza kitandani katika giza asilolipata. Wataalamu wanaokadiria mzigo wa maradhi duniani wamekiweka kipandauso katika nafasi ya pili miongoni mwa maradhi yanayowanyima watu miaka ya uzima, na nafasi ya kwanza kwa wanawake vijana. Ajabu ni kwamba maradhi yaliyo ya kwanza katika orodha hiyo hayana hata bango moja katika zahanati tunazozijua.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifungulia njia. Nikiwa nimelibeba neno langu la kamusi, nilikwenda kituo cha afya cha umma na kumwambia mhudumu wa kliniki, "Nina kipandauso, na nadhani kinafuata hedhi." Hakuniuliza kama nina malaria. Alinipa kazi ya nyumbani: kwa miezi mitatu niandike siku ya damu, siku ya kichwa, saa kilipoanza, nilichokula, niliyokunywa, na namna moyo wangu ulivyokuwa. Niliandika kwenye kalenda ya ukutani tuliyopewa na duka la nafaka. Mwisho wa mwezi wa tatu hatukuhitaji mashine yoyote. Alama nyekundu na alama nyeusi zilikuwa zimekaa pamoja kila mwezi, kama chanda na pete.

Tiba niliyopewa haikuwa ya ajabu, na baadhi yake yafaa kila msomaji aijue. Kwa kuwa mwezi unajulikana, dawa ya kutuliza maumivu kama ibuprofeni huweza kunywewa mapema, baada ya chakula, dalili za kwanza zinapochomoza, badala ya kungoja kichwa kipande hadi utosini, maana tumbo linaloanza kutapika halipokei dawa vizuri. Baadhi ya wagonjwa huelekezwa waianze siku mbili kabla ya tarehe. Wenye vidonda vya tumbo au mimba wasiitumie bila kumwona daktari. Zipo pia dawa mahususi za kipandauso. Mojawapo, sumatriptani, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021, ingawa si dawa utakayoikuta katika kila kijiduka cha mtaani.

Kuna onyo moja ambalo linatuhusu sana sisi tunaonunua vidonge viwili viwili kioskini. Dawa za maumivu zikitumiwa mno huanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Kiwango kinachotajwa ni siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa dawa za kawaida, na siku 10 kwa zile zilizochanganywa na kafeini, kwa muda unaozidi miezi mitatu. Aidha, mwanamke anayetanguliwa na vimulimuli machoni amweleze mhudumu kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa hatari ya kiharusi huongezeka. Na maumivu yanayolipuka ghafla kuliko yote mtu aliyowahi kuyapata, au yanayoandamana na homa na shingo kukakamaa, au kulegea kwa mkono au mguu, hayo si ya kungojea kalenda. Ni ya kukimbizwa hospitalini.

Sijapona. Kipandauso hakiniagi moja kwa moja, na mabati yetu ni yale yale. Ila sasa huja nikiwa nimejiandaa: maji yamechotwa, uji umepikwa, kazi ya chuo imemalizwa mapema, na mama ananing'inizia leso mbili nzito dirishani. Mwezi huwa na siku mbili mbaya badala ya nne. Dada naye nilimchorea kalenda. Alinitazama kama niliyemletea nyoka ndani ya nyumba, kwa kuwa hicho ndicho kitu alichokuwa akikiogopa. Mwezi wa kwanza hakuandika chochote. Wa pili aliandika siku moja. Wa tatu alikwenda nayo kliniki mwenyewe, akamweleza muuguzi habari za kichwa na habari za usiku ule pia. Nyumba tatu alizopoteza hazikurudi. Lakini kwa tajiri wa sasa amepanga siku za kufua mapema, kwa kuzikwepa tarehe zake, na halazimiki kueleza lolote.

Wenzangu katika Kiswahili, hapa ndipo tunapoguswa sisi. Hatuna uwezo wa kujenga hospitali, wala kubomoa mabati na kumpa kila mwanamke chumba chenye giza. Maneno ndiyo kazi yetu. Tumelalamika kwa miaka mingi kwamba istilahi tunazobuni na zile tunazozifukua hubaki makabatini, na sababu mojawapo ni kwamba huzipeleka kwa wasomi wenzetu kabla ya kuzipeleka kwa wanaozihitaji. Kipandauso cha hedhi si istilahi ya kutahiniwa. Ni funguo. Mhudumu anayelijua neno hilo huuliza swali la pili. Mwalimu anayelijua hataandika kwamba msichana anakosa bidii. Mama anayelijua hatalipia malaria mara tatu. Tunaokwenda mafunzoni ya ualimu tulipeleke madarasani. Wanaotangaza redioni walitaje hewani. Wanaotafsiri vijitabu vya afya wasiandike "kichwa kuuma" palipo na jina kamili.

Na mtu akikwambia leo ana kichwa tu, liondoe hilo tu, kisha umuulize: huja lini?